Mama wa Simu wa Idara ya Maji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji, na wapwa wangu ambao nasikia sasa wanakimbia kuliko kivuli chao. Sisi huku miili ni mizima. Kichwani mwangu ndimo hamkaliki, ndiyo maana leo nimekuandikia barua badala ya ujumbe wangu wa maneno mawili uliokuchosha.

Unajua nilipewa kazi ya kufunga mtambo mpya wa simu pale idara ya maji. Tulichukua programu huria, isiyo na malipo, ambayo yeyote ana ruhusa ya kuifungua na kuipanga apendavyo. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo balaa yake. Unaiandikia kanuni: anayebonyeza moja apelekwe kwa watu wa ankara, anayebonyeza mbili kwa mafundi wa mabomba. Ukiandika kanuni pana mno, inazimeza nyingine. Mwanzoni mkurugenzi alikuwa akimpigia katibu wake, anapokea mlinzi wa getini. Nikitengeneza hiki, kinaharibika kile. Nilikuwa kama mtu anayekimbiza kuku wawili kwa mkono mmoja.

Nilipodhani nimemaliza, wateja wakaanza kuja ofisini kumshukuru mama wa simu. Fundi cherehani mmoja, mtu mzima, alisema bomba lake bado linavuja ila hasira zimemwisha, kwa sababu yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, hata akamuuliza habari za goti lake. Meneja akaniita. Dawati la simu lina vijana wa kiume watupu, akasema, sasa huyo mama katokea wapi? Nilizisoma kanuni zangu hadi zikawa kama zimeandikwa na adui.

Na nyumbani, dada, mambo ni yale uliyoyaacha. Tangu tumzike baba, mama hasemi. Asubuhi namuuliza ameamkaje, ananijibu salama, na tumefunga mazungumzo mpaka kesho yake. Wewe ukipiga, anasema hajambo na kunirudishia simu.

Jumanne ndipo nilipoiona. Chini kabisa ya kanuni zote ilibaki moja niliyoiandika wakati wa kujaribu mtambo: mteja asiyebonyeza kitu, au aliyekosea kubonyeza, apelekwe kwenye namba fulani. Namba yenyewe ni ya mama. Niliiweka kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa moyo, kisha nikasahau kuifuta.

Sasa nikuambie nililolifanya, na usinicheke. Badala ya kuifuta, niliinua simu ya ofisini, nikapiga namba ya wateja, sikubonyeza kitu. Akapokea. "Idara ya maji, nakusikiliza." Sauti ile, dada! Ile ya zamani. Nikabana pua, nikasema nyumbani kwetu maji hayatoki. Akauliza nakaa na nani. Nikajikuta nasema nakaa na mama yangu, na kwamba haongei na mimi, na sijui nimemkosea nini.

Akasema, "Hujamkosea. Kila siku unamuuliza hali. Aseme nini, na hali unaiona? Muulize habari za huyo marehemu. Hakuna anayemtaja tena humo ndani."

Nilikuwa natafuta namna ya kuaga kama mteja, aliponiambia, "Ukirudi pitia dukani, mwanangu. Kiberiti kimeisha."

Niliifuta kanuni jioni ileile, na wapiga simu wasiobonyeza kitu sasa wanapokewa na vijana wa dawati. Nilifika na kiberiti mkononi kama mtoto aliyetumwa. Nikamuuliza baba alimtongozaje. Mama alinitazama, akavuta kigoda, na chakula kikatupolea mezani. Usiku huo nilicheka na kulia, hata sasa sijui kipi kilitangulia. Wala sijui kama nilifanya vyema kuwanyima wale watu sauti yake. Ameniuliza mara mbili kama bomba la fundi cherehani limezibwa.

Basi ukimpigia, usimwulize hali. Muulize lile shati la kijani la baba, alilonisimulia usiku ule, lilipatikanaje.

Wasalimie wote, na wapwa wangu uwabusu kwa zamu wasigombane.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Waya