Kuhusu Mguu wa Tumaini

Chanika, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Njombe? Na baba, kile kikohozi kimemwachia? Sie huku wazima, ila joto linatunyanyasa. Tumaini naye hajambo. Nikitaja neno "bibi" anacheka mpaka mate yanamtoka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ndiyo iliyoniponza. Siku ile nilikupigia nalia, nikakwambia wifi kamvunja mtoto mguu. Sasa nasikia mjomba ameshaambiwa, na anataka kuja kwa wakwe zangu kudai maelezo. Mama, mzuie. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Unamjua wifi Rehema, dada mkubwa wa Baba Tumaini. Tangu aachike anaishi nasi. Baba Tumaini yuko barabarani na malori, mie nikienda kazini Tabata, wifi ndiye anamlisha mtoto, anamwogesha, anambadilisha. Jumanne moja nilirudi nikakuta Tumaini analia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, paja la kushoto limevimba juu ya goti.

"Nilikuwa namvalisha suruali," wifi akasema. "Nikasikia kitu kimelia, ko. Tangu hapo hajanyamaza."

"Hakuanguka?"

"Hakuanguka, wifi."

Sikuamini. Nani anavunjika kwa kuvalishwa suruali? Mtoto wa miaka saba, kwa ule mtindio wa ubongo wake hasemi wala hatembei, hawezi hata kunyoosha kidole akaonyesha aliyemuumiza. Nikaanza kuunganisha mambo. Wiki iliyotangulia wifi alilalamika mgongo. Siku nyingine nilimsikia akimwambia, "Leo umenichosha wewe." Maneno ambayo mie mwenyewe huwa nayasema, lakini kwake yakawa ushahidi.

Tukapitia kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ndipo tukaenda hospitali. Picha ikaonyesha mfupa umevunjika kweli. Afisa ustawi wa jamii akaniita pembeni peke yangu. "Nyumbani nani anakaa na mtoto? Na wewe ukikasirika, unafanyaje?" Mama, nikaona hata mie nashukiwa. Nikamtaja wifi haraka haraka, kabla yule afisa hajanyanyua kalamu.

Wifi akaitwa baada yangu. Alipotoka hakunitazama. Kesho yake alfajiri akafunga nguo zake akaenda Boko kwa mdogo wake. Nikasema moyoni, basi ndiye. Ndiyo siku niliyokupigia.

Siku ya tatu daktari wa mifupa, mama mmoja mpole, akanionyesha ile picha. Akasema mifupa ya Tumaini ni myembamba mno. Mfupa unapata nguvu ukibebeshwa uzito, na huyu hajawahi kusimama. Dawa zake za kifafa nazo zinapunguza vitamini D mwilini. Misuli imekaza, ukinyoosha goti kidogo, mfupa ndio unaachia.

"Hata ungekuwa wewe unamvalisha, ungeweza kuvunjika vilevile," akasema. Halafu akauliza, "Jua anapata?"

Wifi aliniomba mara mbili amtandikie mkeka uani asubuhi, nikamkataza. Niliogopa macho ya majirani, niliogopa watakayosema na watakayomfanyia. Nilifunga mlango nikashusha pazia, miaka yote hiyo, nikidhani namlinda.

Nisikufiche, hata daktari nilimshuku. Nilidhani ananipoza tu. Nikamwuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa palepale hospitali, bila kumwambia kilichosemwa, naye akanijibu yaleyale.

Basi nikaenda Boko. Nilimkuta wifi anachambua mchele, hakuacha.

"Nimekukosea, wifi."

"Ulinitaja kwa watu wa serikali."

"Ndiyo."

"Kabla ya kunitaja, ulimwuliza nani?"

"Sikumwuliza mtu."

Akachambua weee, mpaka nikataka kuondoka. Ndipo akasema, "Nitarudi kwa ajili ya mtoto. Ila kumvalisha, nitamvalisha kabla hujatoka, na wewe usimame hapo utazame."

Na ndivyo tunavyoishi. Hogo la plasta alilofungwa mguuni limeshatolewa. Seremala ametutengenezea kifaa cha kusimamia kwa vipimo vya yule mtaalamu, kina mikanda ya kifua na ya magoti. Kila asubuhi tunamsimamisha uani juani. Mwanzo alilia baada ya dakika chache, sasa anafika nusu saa. Anakunywa matone ya vitamini, maziwa, na uji tunautia unga wa dagaa. Misuli tunamnyoosha polepole, bila kuvuta. Daktari ameonya kwamba mifupa haiimariki kwa wiki mbili, tuwe na subira.

Juzi Mama Zuhura wa dukani alichungulia getini akasema, "Kumbe ni mrefu hivi." Nilitafuta ubaya ndani ya maneno hayo mchana kutwa. Sikuuona.

Wifi hajanisamehe, naona. Kila asubuhi ananiita, "Mama Tumaini, njoo utazame," nami naenda kusimama. Lakini jana mie ndiye nilikuwa namnyoosha mtoto goti, nikainua kichwa nikamkuta wifi mlangoni, mikono kifuani, anatazama vidole vyangu. Nami sikumlaumu. Nikaendelea taratibu zaidi, nikasogea kando kidogo ili aone vizuri.

Nisalimie baba, na shangazi wa kanisani, na mdogo wangu wa mwisho aongeze bidii shuleni. Mjomba msomee barua hii yote, usiruke mahali, hata pale ninapoonekana vibaya.

Ubaki na afya, mama.

Mwanao,
Skolastika