Friza ya Mkopo

Jumatatu, 4 Mei
Samaki wangu, ngege wa Katwe, wamefika na jua tena. Barafu yote maji kabla ya adhuhuri. Nusu nimewauza kwa hasara, waliolainika nimewatupa. Harufu haitoki mikononi. Nimechoka.

Baba Rehema karudi kutoka Hima na kadi ya mkopo. Benki imempa kwa sababu ya mshahara wake wa kuendesha lori la saruji. Anasema tununue friza. Nimefurahi. Halafu nikaogopa.

Jumatano, 6 Mei
Benki, Kasese. Msichana wa dirishani kanieleza vizuri: ukirudisha yote ndani ya mwezi, hakuna riba. Ukichelewa, ipo. Nikaelewa. Nilipofika nyumbani Bwera sikuelewa tena. Nani hapa hachelewi?

Ijumaa, 8 Mei
Baada ya swala nimemuuliza shehe. Ukitia saini sharti la riba umeshalikubali, hata ukilipa mapema. Ndivyo alivyosema. Nikarudi nimeamua: hapana.

Jioni kaja kaka yangu Musa, askari. Televisheni yake ya kadi, makochi ya kadi. Kanicheka.

"Dada, weye iko na woga ya bure. Samaki ikioza, shehe atakuja kula?"

Nimemkasirikia. Lakini samaki wanaoza kweli. Sijui tena.

Jumamosi, 9 Mei
Labda kikundi chetu cha akina mama, cha kuchangiana fedha. Zamu yangu ya kupewa ni mwisho wa mwaka. Mbali. Nimemwambia Baba Rehema tungoje tu. Katoka nje. Sipendi akitoka hivyo.

Jumapili, 10 Mei
Asubuhi nataka. Mchana sitaki. Kichwa kinauma.

Jumanne, 12 Mei
Pikapu mlangoni. Friza. Nyeupe, kubwa kuliko kitanda cha Rehema. Ameinunua kwa kadi bila kuniambia.

Nimemfokea mbele ya majirani. Nimemwita mjinga, mume wangu, watu wanasikia. Wabebaji walipoondoka ndipo akasema:

"Mama Rehema, nimechoka kukuona unalia juu ya samaki."

Sikujua kwamba huwa ananiona. Nimeingia chumbani nikajifungia. Nimelia. Hasira au shukrani, sijui. Aibu pia. Yeye kabaki nje anafuta vumbi kwenye friza kwa shati lake.

Jumatano, 13 Mei
Umeme upo. Tumezungumza wakati wa chai, bila kelele. Mauzo yataanza kulipa kadi, mengine baadaye. Nguo za Idi zingoje. Nimemwomba radhi kwa lile neno. Kasema hata yeye alikosea kutoniuliza. Kaenda Hima.

Samaki wamefika. Nimewasafisha, nimewapanga ndani kwa safu. Baridi imenipanda mpaka kwenye viwiko. Kabla ya kufunga mfuniko nikamkumbuka shehe, nikasema bismillahi. Sauti ikatoka ndogo. Nikarudia. Ikatoka vilevile.

Nikafunga.