Maneno ya Nesi Niliyoyaruka

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii Shangazi atakusomea hapo Ngumbo, akiigeuza kwa Kimatengo. Shangazi, nakuomba usiruke neno. Mimi niliruka, na ndiyo sababu naandika.

Bibi, unaikumbuka siku tuliyokwenda zahanati? Njiani ulisema presha ni ugonjwa wa matajiri, kwa hiyo lazima babu alikuachia shamba la kahawa tusilolijua. Nilicheka hadi nikasimama. Lakini kwenye benchi tuliwakuta wasichana wawili wa darasani kwetu. Nesi alipouliza nani atakutafsiria, ulinishika bega ukajibu kwa Kiswahili chako cha sokoni, "Huyu mke mwenzangu ndiye masikio yangu." Wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Nesi alieleza taratibu. Vidonge ni vya kila siku, hata ukijisikia mzima. Chumvi upunguze. Usiache dawa bila kurudi kuuliza. Nilielewa yote, Bibi. Ila sikutaka wale wasichana wanisikie nikiongea Kimatengo. Nikakunong'oneza, "Kichwa kikiuma, meza kimoja."

Ulinitazama. "Mwenzako amehubiri misa nzima, wewe unanipa amina tu?"

"Ndiyo hayo, Bibi."

Nilijiambia nitakueleza tukifika nyumbani. Tulipofika ukaanza kunisifu kwa jirani, eti sasa una msomi wako mwenyewe, nikashindwa. Wiki iliyofuata ulimpa jirani huyohuyo kidonge chako kwa sababu kichwa kilimgonga. Hata hapo nilinyamaza.

Kisha ikaja ile asubuhi uliyokuwa ukichambua kahawa, mkono wa kulia ukakataa kukutii na mdomo ukapinda. Watu walisema umerogwa. Niliwaacha waseme, maana uchawi ulinifichia kosa langu. Ulipochukuliwa kwenda kuuguzwa kwa Shangazi, nilikubebea mzigo hadi kwenye basi bila kukutazama usoni.

Jumapili Shangazi alinipigia simu. "Bibi yako amegoma kumeza dawa. Anasema kichwa hakimuumi. Nesi wa huku akimweleza, anajibiwa, 'Mjukuu wangu amesoma, ndiye aliyeniambia.'"

Nilipokata simu nikachukua kalamu.

Bibi, nilikudanganya. Hukurogwa, ni presha iliyokupiga mkono na mdomo, na nesi wa huko anasema kweli. Presha inaweza kukuharibu ndani kwa ndani huku kichwa kimetulia, ndiyo maana dawa humezwa kila siku. Wewe hukuwa mkaidi. Uliamua kwa busara, ila kwa maneno pungufu niliyokupa. Mwili ni wako, na mimi nilikunyima yale uliyopaswa kuyajua ili uamue. Kama kuna lililobaki kukutatiza, muulize nesi mwenyewe, Shangazi atafsiri, na umlazimishe arudie hadi uridhike.

Naogopa hasira yako. Naogopa zaidi kidonge cha leo ambacho hujakimeza. Basi kabla hujanikasirikia, mwambie Shangazi akuletee maji.

Mjukuu wako aliyekukosea