Magharibi ya Saa Saba

Kamembe, Jumanne

Kwako shemeji Zulaikha,

Pokea salamu zangu kwanza. Huko Bukavu mumeamuka aje, wewe na batoto, na ule mguu wako umepona? Mimi niko mzima. Barua hii naandika mwenyewe, sikuomba muntu. Nusu ya milango ya Kamembe nimeitengeneza mimi, karatasi moja itanishinda? Kwa simu ningejisifu tena, ndiyo maana naandika.

Nilikuambia dada yako Nasiba anaendelea kufunga hata baada ya Ramadhani. Nilijivuna hata msikitini, nikasema muke wangu anawapita wote. Kumbe ni kile kichwa chake kinachosahau, kilibaki ndani ya Ramadhani. Nikimupa maji anasukuma kikombe, anasema jua bado. Likizama amesahau, analala. Nami nilimuacha hivyo wiki mbili, nikifurahi. Juma lililopita akaanguka jikoni, midomo imepasuka, jina lake mwenyewe halijui.

Muganga wa hospitali alimutundikia serumu, yale maji ya kuingia kwa mshipa. Muuguzi, Maman Josiane, akanigombeza mbele ya watu, eti huyu hasikii tena kiu, umupe kidogo kidogo mchana kutwa, maji, uji, mchuzi. Mimi sigombezwi, lakini siku hiyo nilimushukuru. Nyumbani nikamueleza Nasiba kwamba mgonjwa hafungi. Akaniuliza, “Wewe mzee ni nani, unayetaka kuniharibia saumu?”

Sasa shemeji, neno lililonifanya niandike. Unajua zamani nilikuwa naadhini msikitini, na hakuna aliyenishinda kwa sauti. Siku hizi nafunga madirisha, nashusha pazia, nasimama nyuma ya mlango. Saa nne, saa saba, saa kumi, naadhini magharibi, polepole, majirani wasisikie. Nasiba anakula tende, anamaliza kikombe. Ni uongo, tena kwa maneno ya Mungu. Mungu akiniuliza nitajibu mwenyewe. Ukija, usimuambie ni mchana.

Akishakunywa anaomba dua. Anamuomba Mungu amurudishe Harelimana, mume wake, aliyeenda kazini na amekawia sana. Mimi niko mbele yake, nimeshika kikombe, naitikia amina.

Wasalimie wote wa kwako, wakubwa kwa wadogo. Nasiba hakutuma salamu, ila mimi nakupa zake pia.

Ni mimi shemeji yako,
Harelimana, fundi seremala