Folda ya Pascalia

Mastura, siwezi kukupigia simu, watanisikia. Soma hapa kwenye skrini. Nimefuta folda ya mtu.

Wakili wetu alitaka kila mfanyakazi abaki na folda moja, hapa ofisi ya Changamwe, na mabaki ya kompyuta ya ofisi ya zamani ya Likoni niyafute. Kule nikakuta Pascalia. Nikawauliza waliokuwapo, Pascalia nani? Hakuna amjuaye. Nikafuta.

Leo kaja Mama Justus, ndiye aliyepiga chapa maelezo ya wale vibarua waliovuta gesi ndani ya tangi. Hayaoni.

Nikamwambia folda yako ni hii, mamajustus, nimeifungua mimi mwenyewe.

Akasema, "Hiyo ni mpya. Maelezo yako Likoni, kwa jina langu."

Jina lipi?

"Pascalia."

Miaka minne twala meza moja, wallahi. Sijapata kumwita ila Mama Justus.

Kanda ya akiba, ile ya kuhifadhia nakala za Likoni, ni tupu. Nimeijaribu mara tatu. Tupu.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Kesi ni Alhamisi." Nikamwambia tutawaita wale vibarua, waseme upya.

Akanitazama. "Watatu tumeshawazika, Mwanarehema."