Vibuzi vya Bwana

Jumatatu, 4 Juni 1956
Vimeletwa vibuzi vitatu, kwa meli kisha kwa lori. Majike matupu. Kimo chao hakivuki goti langu! Bwana anataka vikae katikati ya bustani yake ya wanyama, baina ya nyani na mbuni, watu wa Tanga waje Jumapili wavitazame. Mbuzi wa kutazamwa — haya, tuishi tuone. Kasema kikifa kimoja, nami nifunge virago. Alitaka kunisomea karatasi iliyokuja navyo. Nikamwambia asijisumbue, mimi Sadalla nimekulia zizini. Ni vitoto tu, vitakua.

Jumamosi, 21 Julai
Havikui. Nimezidisha pumba, nimezidisha majani. Vinanenepa ubavuni tu, kimo kile kile. Bwana yuko Nairobi hadi tarehe 12 Agosti. Naogopa atasema navinyima chakula.

Alhamisi, 9 Agosti
Yule mweusi kavimbiwa. Pumba zangu hizo. Tumbo ngoma, hali chakula, anasaga meno. Chuchu nazo zimejaa — maji ya ugonjwa. Nimemnywesha mafuta ya nazi, wapi!
Mwatumu kaniletea chakula, kamshika mbuzi tumbo, kasema: Baba Chiku, huyu ana uchungu wa kuzaa. Nikacheka. Mke wangu kazalisha wanawake wengi hapa shambani, lakini mbuzi ni fani yangu. Kitoto cha kimo hiki kizae? Na dume liko wapi?

Ijumaa, 10 Agosti
Sijui niandike vipi.
Alfajiri nilimkuta kalala, macho kayageuza. Nikajua anakufa. Na akifa hivi ni kibudu, nyama ya kutupa. Angalau watu wa kambini wale halali. Mwatumu kanishika mkono: ngoja kidogo, Baba Chiku, ngoja. Nikamsukuma. Nikamlaza mbuzi kuelekea kibla, nikachinja.
Nikapasua tumbo. Lahaula! Viwili. Kimoja kimekwisha. Cha pili kikapiga chafya mikononi mwangu.
Hapo ndipo nikamfunua mdomo mama yake — leo, baada ya miezi miwili, mimi mtu wa mbuzi! Meno mapana manane, kamili. Mbuzi mzima, si mtoto. Kumbe kimo chao ndicho hicho, na mimba walikuja nazo melini. Nimemchinja mzazi na uchungu wake. Astaghfirullahi. Naona aibu hata peke yangu humu.
Mwatumu kanigeuzia mgongo. Anakinywesha kile kitoto maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa. Bwana anafika keshokutwa.

Siku hiyo hiyo, baada ya sala ya Ijumaa
Yule wa madoa naye kajilaza. Anaguna, anajitazama ubavu. Nilikwenda kutafuta kisu nimkatie kamba ya shingoni, sikukiona. Mwatumu katandika mkeka mlangoni mwa banda, kaketi, kitoto mapajani. Kisu kakikalia. Nikisogea, neno moja tu: rudi.