Kwa Dada Yangu, Ambaye Kaburi Lake Limeliwa na Bahari

Dada yangu Nekesa, ambaye sasa sijui niseme uko wapi,

Mpaka mwezi uliopita ningejibu bila kufikiri. Ningesema uko kwa mumeo, kule Tana, kwenye makaburi ya kanisa, mahali ulipochagua mwenyewe kabla ya ile homa kukumaliza. Kisha shemeji akapiga simu asubuhi. Maji makuu ya mwezi mpevu, ambayo watu wa huko huyaita bamvua, yalikuwa yameondoka na safu nzima ya makaburi, lako likiwemo. Hakulia. Alisema, "Shemeji, nimeenda nikakuta ni maji tu." Mke wa jirani alikuwa akianika mahindi nje ya dirisha langu hapa Kitale kana kwamba dunia ni nzima.

Nakumbuka wiki yako ya kwanza huko, mwalimu mgeni kutoka Bungoma. Ulinipigia kunieleza kwamba umeona "bahali" kwa macho yako, na darasa zima la nne limekucheka. Mtoto mmoja alisimama kwa heshima zote akasema, "Mwalimu, si bahali, ni bahari." Ulicheka mpaka hukuweza kumaliza hadithi. Sisi tumezaliwa na ulimi usioona tofauti kati ya herufi hizo mbili, nawe hukujaribu kuuficha. Ulipoolewa, mama mkwe wako alikuita Mama Bahali, na ukaitika.

Nilipokuja kukutembelea ulinitoa matembezi ufukweni. Nilitarajia unionyeshe uzuri. Wewe ukanyoosha kidole kwenye mawimbi ukasema, "Pale yanapokatikia ndipo tulipofungia harusi." Nikadhani unatania. Ukanionyesha kipande cha sakafu ya kanisa kilichobaki mchangani, na mnazi uliokauka ukiwa umesimama, na kisima ambacho hakuna aliyekifunika kwa kuwa hakuna aliyekitaka tena. Jioni chai ilikuwa na ladha ya chumvi. Ukaniambia huku kwenu chumvi ya mboga ni ya bure. Mumeo alicheka, ila nilimwona akitazama shamba lake la mpunga lililoungua rangi kwa sababu bahari ilikuwa imeingia kwa mlango wa mto.

Nilirudi nikaandika. Unanijua. Niliandika kwamba bahari haipandi kwa hasira ya Mungu. Inapanda kwa sababu dunia imepashwa moto, barafu za mbali zinayeyuka na maji yenyewe yanatanuka. Waliouwasha moto huo walijenga utajiri wao kwa moshi, na leo huja kukutana nasi kwenye hoteli za ufukweni, wanasikitika, wanakula kamba, wanaondoka. Niliandika pia juu ya wakubwa wetu wanaofumba macho mikoko ikikatwa na mchanga ukizolewa, kisha hujitokeza na blanketi kijiji kikizama, wapigwe picha. Magazeti yakachapa. Hapa Kitale mzee mmoja dukani aliniuliza kama nimehamia Mombasa.

Wewe ulinipigia kila makala ilipotoka. "Umewapiga vizuri, kaka," ungesema, "lakini aya ya mwisho umepiga kelele tu." Na kila mara ulikuwa umesema kweli. Siku hizi naandika, inachapwa, simu inakaa mezani. Wanaonichukia hunijibu upesi. Wa kuniambia kwamba aya ya mwisho ni kelele hayupo.

Mwaka jana shemeji alitupa onyo. Alisema kijiji kinahamia juu, kwenye tuta, na makaburi yaliyo karibu na maji yatahamishwa. Ila lako hawezi kuligusa bila mtu wa kwenu kusimama hapo. Nikateremka Bungoma, nyumbani karibu na Kibabii, nikaitisha kikao cha ukoo. Nilitaka idhini, na wazee wawili wa kwenda nami. Wakakataa. Walisema mwanamke akishaolewa ni wa kule, na kaburi likishafungwa halifunguliwi, anayelifungua anaita kifo kingine. Binamu yetu Wafula, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti, hata alinifanyia mzaha. "Ati bahari? Bana, hapa kwetu tukingoja bahari si tutazeeka. Wewe soma vitabu vyako pole pole." Watu wakacheka. Niliwajibu kwa maneno ambayo mama angenichapa kwayo. Tukavutana hivyo mwaka mzima, vikao juu ya vikao, na bahari haikungoja uamuzi wa kikao.

Habari ilipofika kwamba umechukuliwa, walewale waliniita. Hakukuwa na kicheko safari hii. Wafula alisema wameamua kuzika mgomba. Unaijua desturi yetu: mtu akipotea kabisa, akafa ugenini na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likafungwa shuka, likalazwa kaburini badala yake, ili aliyepotea awe amerudi. Nilisimama nikapinga. Nilisema mgomba ni wa waliopotea, na wewe hukupotea. Ulizikwa, tulikulilia, tulijua ulipo. Ulichukuliwa, na waliokuchukua wanajulikana kwa majina ya nchi zao na viwanda vyao. Nilisema tukizika mgomba tutakuwa tumefunga kesi na kuwasafisha. Niliongea vizuri, dada. Ungesikia ungeniambia sehemu ya mwisho ilikuwa kelele.

Nilipokaa, Senge, dada yake baba, aliyekuwa amekaa pembeni tangu asubuhi, alinigeukia. Siku hizi haoni vizuri, alinitafuta kwa sauti. "Mwanangu, wewe unapigana na watu wa mbali, na uendelee, ni sawa. Mimi nataka tu mahali pa kulia."

Nikaacha kupinga. Nimesoma vitabu vingi na hakuna hata kimoja kilichonifundisha hilo.

Jumamosi iliyopita tulikata mgomba nyuma ya jiko la mama. Mimi ndiye niliyebeba upande wa kichwa. Kwa nini shina la mgomba liwe zito hivyo, sijui, ni maji matupu. Tuliulaza kando ya kaburi la mama. Niliomba msalaba uandikwe kwamba kaburi lako la kwanza limeliwa na bahari. Wafula akasema watu watadhani ulizama, nikamwambia wakiuliza ndiyo vizuri, awaeleze. Akakuna kichwa, akakubali. Nadhani hilo ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha. Shemeji hakuweza kuja, bado anabeba mabati ya nyumba yenu kwenda tutani, na haijulikani huko juu watakaa salama miaka mingapi.

Senge sasa huongozwa pale kila jioni. Hukaa chini, huita jina lako, hulia mpaka atosheke, kisha huamka akaomba chai. Namwona amepona kidogo.

Mimi nilikaa pale Jumapili nzima. Nilijaribu. Ila najua kilicho chini ya udongo ule, na najua kwamba wewe uko ndani ya maji yanayopanda kila siku na kugusa pwani za watu nisiowajua. Nitaendelea kuwapigia kelele wanaostahili. Lakini Senge amepata mahali pake pa kulia, dada, na mimi bado sijapata pangu.

Popote maji yalipokufikisha, lala.

Ni mimi, kaka yako, Kitale